Ng'washi wa Lusu, mfyatua matofali anayebisha hodi kwa mchwa

Jua la Oktoba ndiyo kwanza linachomoza, na Ng'washi Ngassa amekwisha kupiga magoti mbele ya kichuguu, shavu lake likikaribia kugusa udongo. Anayepita njiani anaweza kudhani mama huyu anasali. Hasali. Anatafuta tundu.

Jana jioni alitoboa matundu manne kwa ncha ya sururu, moja kila upande, upana wa kidole gumba. Asubuhi hii anayazungukia. La kwanza liko wazi kama alivyoliacha. La pili wazi. La tatu, ukingoni mwake buibui ameanza kufunga utando. La nne, upande wa mashariki, limezibwa kwa udongo mbichi ambao bado una unyevu.

"Wenyewe wapo," anasema, akijipangusa magoti. Kisha anakigeukia kichuguu kama mtu anayeaga majirani. "Haya, asanteni. Tunaondoka."

Na kweli anaondoka. Anatupa sururu begani, anasukuma toroli lake tupu, na kuacha nyuma yake udongo ambao fundi mwingine angeshauona kuwa ni matofali elfu kadhaa yaliyosimama yakimsubiri.

Ng'washi, mwenye umri wa miaka 46, ni mfyatua matofali wa Lusu, wilayani Nzega, mkoani Tabora. Hapa wengi humwita Mama Julieth, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Yeye huchimba na kufyatua. Mumewe, Mathias, hupanga tanuru na kuchoma. Tofali moja la kuchoma huuzwa shilingi mia moja, na ukitoa kuni, maji na vibarua, anayetajirika kwa kazi hii hajaonekana bado. Lakini imesomesha watoto wanne, na mama huyu hachoki kuishukuru.

Udongo mzuri wa matofali katika maeneo haya ni wa kichuguu. Mchwa huupandisha kutoka chini, chembe kwa chembe, wakiuchanganya na mate yao, hadi unakuwa laini na wenye kunata. Ukiufyatua haupasuki juani. Ndiyo maana ukisikia mtu anajenga, swali la kwanza watu wanalouliza ni kichuguu kipi kinachimbwa.

Mafundi wengi huchimba kilicho karibu na barabara. Ng'washi huchimba kile ambacho mchwa wake wamekwisha kuhama au kufa. Hapo ndipo kunapoingia matundu. Mchwa walio hai hawawezi kuvumilia upenyo ukutani mwao, huuziba haraka. Tundu likibaki wazi asubuhi mbili mfululizo, basi ndani hamna mtu.

"Sikufundishwa na yeyote," anasema. "Nilifunga mbuzi kwenye kichuguu, kesho yake nikang'oa kigingi. Siku ya pili nataka kukirudisha palepale, shimo silioni. Nikajiambia, kumbe humu ndani kuna mafundi kuliko mimi."

Mathias, ambaye anasikiliza huku akichochea uji uani kwao, anaingilia kati. "Mimi nilidhani nimeoa mfyatua matofali. Kumbe nimeoa balozi wa nyumba kumi wa mchwa."

"Na wewe si unakula uyoga wao?" mkewe anamjibu bila kugeuka.

"Nakula, nakula. Sijakataa ubalozi."

Uyoga ndio kiini cha jambo lenyewe. Miaka mingi nyuma, mdogo wake Julieth akiwa bado anatambaa, mahindi yalikauka shambani yakiwa hayajafika magotini. Mathias alikwenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya tumbaku. Mvua zilizofuata zilipoanza kunyesha, ghala lilikuwa halina hata punje, na mavuno yalikuwa bado mbali. Ng'washi alikuwa akiwachemshia watoto mlenda bila chumvi.

Jirani yake, Eustadia, wakati huo mama wa makamo na mwimbaji wa kwaya parokiani, alimgongea mlango alfajiri. Hakusema anakwenda wapi. Alimpa kikapu tu.

Alimpeleka kwenye kichuguu kilichoko pembeni mwa shamba lake, kando ya njia ya zamani ya misafara iliyokuwa ikielekea Unyanyembe. Katika familia ya Eustadia husimuliwa kwamba wapagazi walikuwa wakitua mizigo hapo na kuegemeza migongo. Asubuhi ile, kuanzia chini ya kichuguu hadi kiunoni mwake, uyoga mweupe ulikuwa umetoka, mwingine mpana kama ungo mdogo.

"Aliuchuma wote, akaugawa katikati mbele yangu," Ng'washi anakumbuka. "Nusu yangu, nusu yake. Na yeye alikuwa na watoto sita nyumbani! Nikamwuliza, mama, huu uyoga nani kaupanda? Akacheka, akanionyesha kichuguu. Akasema wenye shamba hao hapo, mimi ni mchumaji kama wewe."

Bibi Eustadia alikuwa anasema kweli tupu. Mchwa hawa hukusanya nyasi na vijiti vikavu, huvitafuna, na chini ya ardhi huvijenga kuwa masega yenye matundu matundu. Juu ya masega hayo hulima ukungu wao, ambao ndio chakula chao. Mvua zikifika, ukungu ule husukuma uyoga hadi nje. Mchwa wakifa, masega huoza, na uyoga haurudi tena.

Majuma kadhaa familia ya Ng'washi ilikula kutoka kichuguu kile. Kilichobaki aliuza barabarani kwa bakuli, akanunua unga. Anapofika hapa kwenye simulizi yake hajali kuonekana akijifuta machozi kwa upindo wa khanga.

"Watoto wangu wapo hai kwa sababu ya Mungu, mama Eustadia na wadudu," anasema. "Siwezi kumtoa hata mmoja hapo."

Tangu hapo akajiwekea sharti la kutochimba kichuguu chenye wenyewe. Kwanza watu walimcheka. Halafu wenye mashamba wakaanza kumwita yeye badala ya mafundi wengine, maana wanawake wanaochuma uyoga walikuwa wakiwaambia waume zao: mwiteni Mama Julieth, yule hawezi kutuulia kichuguu. Neno lake likawa ndilo linalofungua mashamba.

Kumbe neno lenyewe lilikuwa na upenyo wake.

Mwaka jana, mwezi Septemba, Kornel, mtoto wa kwanza wa Bibi Eustadia, alitoka Tabora mjini na fedha ya kumjengea mama yake. Kornel anauza spea za baiskeli huko mjini, mtaa wa Ng'ambo. Kwa miaka kadhaa alikuwa akiweka akiba ya jambo hili moja. Nyumba ya bibi ilikuwa imeinama, ukuta wa chumbani umefanya ufa unaoingiza mkono, na kila masika bibi alilala akihamisha kitanda kukimbia matone. Mabati yalikuwa yamekwisha kununuliwa. Fundi ujenzi alikuwa amekwisha kupewa kianzio.

Udongo wa karibu kuliko wote ulikuwa kile kichuguu cha pembeni mwa shamba. Uyoga haukuwa umetoka msimu uliotangulia, kwa kuwa mvua zilikuwa mbaya, na wengine wakasema mchwa wamehama. Bibi Eustadia alitoa hukumu yake.

"Mama Julieth akisema hawapo, chimbeni," alimwambia mwanawe. "Akisema wapo, hakuna wa kugusa."

Ng'washi alitoboa tundu moja, upande wa njia. Moja tu, wakati ule ndivyo alivyozoea. Asubuhi mbili akalikuta wazi. Shimo la kukandia lilikuwa tayari, maji yamekwisha kutekwa, na Kornel alikuwa akitazama mawingu. Akasema hawapo.

Alichimba siku nzima, udongo mkavu, mzuri, bila mdudu hata mmoja. Siku ya pili sururu ikazama.

"Udongo mkavu unaijibu sururu," anaeleza. "Ile haikujibu. Iliingia kama kwenye mkate. Nikaivuta, ikatoka na kipande cha sega, na juu yake watoto weupe wanahangaika. Askari wenye vichwa vyekundu wakaanza kumiminika. Kichuguu kilikuwa kimekufa upande mmoja tu. Wote walikuwa wamehamia upande wa mashariki, na mimi nilikuwa nimebisha mlango wa nyuma."

"Nilijisikia kama nimemvunjia mtu nyumba watoto wakiwa ndani. Tena mtu aliyenilisha."

Kuku walikuwa wa kwanza kufika. Ng'washi alivua khanga yake ya juu akafunika nayo tobo lile, akashika fimbo, akaanza kuwafukuza. Walikuwa kuku wa Bibi Eustadia. Mathias, aliyekuwa shimoni akikanda tope kwa miguu, anasema hajawahi kumwona mkewe akikimbia namna ile tangu wafunge ndoa. Kisha wote wawili wakarudisha mabonge makubwa mahali pake, moja moja, wakafunika kwa nyasi na matawi ili jua lisiingie.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kwenda kusema.

Ng'washi alimkuta bibi akipepeta mtama uani. Akapiga magoti. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona una tope usoni?"

"Mama, nilikwambia hawapo. Wapo. Nimewabomolea."

Bibi aliweka ungo chini. Aliuliza swali moja tu: "Umemfikia mama yao?"

Alikuwa anamuulizia malkia. Malkia akifa, kichuguu chote hufa. Waliobaki huisha polepole, na siku moja matundu hayazibwi tena. Ng'washi alijibu kwamba hajui. Na kwa kweli hakuna aliyekuwa na namna ya kujua bila kuchimba zaidi.

"Basi acha hapo hapo," bibi akasema. "Usimtafute."

Kornel hakulipokea vizuri, na yeye mwenyewe anakiri hivyo bila kuona haya. "Nilikuwa na hasira, sifichi," anasema kwa simu kutoka dukani kwake. "Nilimwambia, dada, udongo ni udongo. Mvua haisubiri mdudu. Mama yangu anaumwa kifua, alale tena kwenye maji kwa ajili ya mchwa? Hata wewe ungekasirika."

Angekasirika mtu yeyote. Nyumba ya mama haikuwa na udongo, na mvua zilikuwa zinahesabiwa kwa majuma. Vichuguu vilivyokufa vilivyo karibu vilikuwa vimekwisha chimbwa. Ng'washi alijitolea kurudisha kila alichopokea, jambo ambalo lingemwacha msimu mzima bila kitu. Kornel alikataa, hakuwa anataka fedha, alitaka nyumba.

Aliyefungua njia alikuwa mwenye nyumba. Jioni ile Bibi Eustadia alitoka nje, akaugonga ukuta wake uliopasuka kwa kiganja.

"Huu marehemu baba yako aliufyatua kwa udongo wa kichuguu," alimwambia Kornel. "Hakuchoma hata tofali moja. Bomoeni, mloweke, mfyatue upya. Mimi nitalala jikoni."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kuta alizozijenga mumewe zikaangushwa, zikapondwa na kuchekechwa ili kutoa majani na misumari, zikalowekwa. Tope la kwanza halikushika, na matofali mengi yakapasuka juani. Mathias akachanganya na udongo wa bondeni, yakakubali. Kornel alifunga duka juma zima, akavua shati, akawa anasomba maji kwa baiskeli, madumu mawili kila safari. Ng'washi hatamsahau kwa hilo.

"Angeweza kuniita tapeli," anasema. "Alinuna siku mbili, ya tatu akaja na madumu. Namshukuru mpaka leo."

Mvua ya kwanza iliwakuta wakipiga paa. Bibi alilowa usiku kadhaa kule jikoni kabla ya kuhamia, na anasimulia jambo hilo akicheka, kwamba alikuwa amezoea kuhamisha kitanda, na safari ile alihamisha na sufuria.

Nyumba ikakamilika. Uyoga haukutoka.

Desemba ikapita, Januari ikapita. Kwenye vichuguu vingine vya kitongoji wanawake walikuwa wakichomeka vijiti vyenye majani, alama ya kwamba hapa pameshaonwa na mwenzako. Kwenye kile cha Bibi Eustadia hapakuwa na cha kuchomekea. Ng'washi alianza kupita njia ya kuzunguka ili asikione. Alimpelekea bibi uyoga wa porini. Bibi akaupokea, akashukuru, akaupika. Hakumlaumu hata siku moja.

"Bora angenigombeza," Ng'washi anasema.

Msimu wa kiangazi ulipofika, watu waliendelea kumwita kazini, na yeye akaanza kutoboa pande zote nne, hata palipoonekana wazi kabisa kwamba pamekufa. Kile kichuguu hakukitoboa. Mabonge aliyoyarudisha yalikuwa yameungana, na juu yake kulikuwa na viraka vya udongo mpya. Lakini viraka vingeweza kuwa kazi ya wachache waliobaki, wanaoziba nyumba ambayo mama yao hayupo.

Oktoba hii, baada ya kuacha kichuguu chenye tundu lililozibwa, anakubali kumpeleka mwandishi kwenye kile kingine. Anasimama mbali kidogo, mikono kifuani.

"Nikikitoboa tena nitakuwa namuuliza mgonjwa kila siku kama atapona," anasema. "Nasubiri mvua. Uyoga ukitoka, mama yao yupo. Usipotoka safari hii, basi nimeua, na sitasema ni bahati mbaya."

Mwanzoni mwa Desemba simu inaita. Ni Mathias, na anapiga kelele kana kwamba mtandao haupo. "Njoo! Balozi anakuita!"

Kesho yake asubuhi shamba la Bibi Eustadia limelowa, majani yote yanameremeta. Bibi ameketi kwenye kigoda mbele ya kichuguu, shuka mabegani, kijiti chenye majani tayari kimechomekwa ardhini. Hakuna mwingine anayethubutu kuja kuchuma hapa, lakini amekichomeka.

Uyoga umetoka. Si mwingi kama wa mwaka ule wa njaa. Ni mashada machache tu, upande wa mashariki, na shada moja limesukuma kutoka kwenye ufa wa bonge lililorudishwa kwa mkono. Vichwa vyake bado vina udongo.

Ng'washi anapiga magoti palepale kwenye tope, anafunika uso. Mathias anavua kofia. Kwa mara ya kwanza katika habari hii yote, hana utani.

"Mama Julieth," bibi anaita. "Wanakusalimu. Inuka uchume, mimi mgongo haukubali."

Anachuma taratibu, akizungusha kila shina ili lisivunje kilicho chini. Mashada mawili anayaacha yazeeke na kudondosha vumbi lao la mbegu, na bibi anaitikia kwa kichwa. Kisha, juu ya khanga iliyotandikwa, Bibi Eustadia anaugawa uyoga katikati. Nusu kwake, nusu kwa Ng'washi.

Ng'washi anataka kukataa. "Mama, mimi sistahili huu."

"Nani alikwambia mimi nastahili?" bibi anamuuliza. "Shukuru, ukapike."

Basi wanashukuru, kila mtu kwa namna yake. Bibi anafanya ishara ya msalaba. Mathias anasema asante kwa sauti, akikiangalia kichuguu, na haoneshi kuona ajabu.

Njiani kurudi, Ng'washi anaeleza mpango wake wa kiangazi kijacho. Nyumba ya Bibi Eustadia imempa kazi asiyoitarajia, maana watu watatu wamemwomba aje aangushe kuta zao kuukuu na kuzifyatua upya. Faida yake ni ndogo kuliko ya kuchimba, kwa sababu kuchekecha na kuloweka kunakula muda. Anadunduliza anunue chekeche kubwa la chuma na pipa la kulowekea, na Kornel ameahidi kumtafutia vyote viwili Tabora kwa bei ya kawaida. Vichuguu vilivyokufa ataendelea kuvichimba. Anachotaka ni kufika siku ambayo havitamlazimu.

Ataanza na nyumba yake mwenyewe. Yeye na Mathias waliijenga wakiwa vijana, kabla ya njaa na kabla ya kigingi cha mbuzi, kwa udongo wa kichuguu kilichokuwa hai. Mvua zimekwisha kuila pembeni, na Julieth, ambaye sasa ana watoto wake, anataka kuwajengea wazazi wake nyumba ya kuchoma.

"Nimemwambia sawa, nijengee, nitashukuru sana," Ng'washi anasema, akibadilisha kikapu mkono. "Lakini asininunulie udongo. Kichuguu kilichokufa kwa ajili yangu ni hicho nilicholala ndani yake miaka yote hii, na kinanitosha mpaka nife."